Aliyeketi Kitini

Jumatatu, 3 Machi

Studio itafungwa mwisho wa Juni. Mzee Tarsem ametangaza leo, na amenitangazia mimi peke yangu kwa sababu karani aliyebaki ni mimi. Alikuwa amesimama mlangoni akitazama watu wa Mtaa wa Biashara wakipita bila kugeuza shingo.

"Baba yangu alianza hapa na kamera moja na pazia," alisema. "Sasa kila mtu ana kamera mfukoni. Kasiva, hii kazi ya stoo tuimalize kabla mvua haijakuwa kubwa."

Stoo iko chini ya ardhi. Ndani mna kabati za chuma zilizojaa bahasha za filamu za wateja tangu miaka ya hamsini. Kazi yangu ni kuzitoa moja moja, kukagua ukungu, kuziskani na kuandika jina na mwaka. Tumebandika tangazo dirishani: anayetaka picha za wazee wake aje kabla hatujafunga.

Naogopa kupoteza hata moja. Jioni nilifunga kufuli, nikafika kituoni, nikarudi kuitikisa tena.

Jumamosi, 8 Machi

Alikuja msichana anaitwa Riddhi pamoja na mama yake. Bahasha yao niliipata kabla hawajamaliza soda. Harusi ya babu, duka la babu, babu na gari, hata mbwa wa babu ana picha yake peke yake, ameketi kama waziri. Riddhi alilia. Nilimpa karatasi ya kujifutia na nikatabasamu vizuri, kama nilivyofundishwa chuoni.

Mbwa! Na mimi sijui babu yangu alikuwa na uso wa namna gani.

Jumapili, 9 Machi

Nilikwenda Mutuini kwa Baba Mkubwa Kaloki baada ya kanisa. Tangu baba yangu, Nzomo, afariki, huko ndiko nyumbani kwetu, ingawa mimi nalala kwenye chumba cha kupanga huku Kabiria.

Baba Mkubwa ni mzee wa kanisa na hapendi kukatizwa. Ametangaza kwamba Jumamosi ya mwisho ya Mei kutakuwa na sherehe ya shukrani kwa ajili ya Susu, nyanya yetu, mama yake. Hema, mchungaji, fulana zenye picha. Anataka picha ya Susu akiwa kijana, na sisi wajukuu tukaongeza: na Babu Mwau. Susu aliwahi kusema kwamba walipigwa picha mjini kwa Singasinga, Kaloki mwenyewe akiwa mtoto wa kubebwa. Wote wakanigeukia.

"Kasiva, si huko ndiko unafanya kazi?"

Nikasema nitaipata. Moyo uliruka kwa furaha na woga kwa pamoja. Nikamtazama Susu nione kama amefurahi. Alikuwa akitazama ukuta.

Hivyo ndivyo alivyo nami. Veronicah, binti ya Baba Mkubwa, ndiye mtu wake. Jina lake la nyumbani ni Syokau, kama Susu, na Susu humwita "wajina". Veronicah hulaza kichwa mapajani pake, humwibia viazi kwenye sahani, humwambia umbea wa Riruta nzima mpaka mzee anacheka na kushika mbavu. Mimi nikiingia kicheko kinakatika. Susu huvuta leso, hukaa wima, hunisalimia bila kunitaja jina. Sijawahi, tangu nizaliwe, kumsikia akiniita Kasiva. Hata kula hali mbele yangu; akiwa na sahani huiweka chini ya kiti.

Kwetu kila mwana humpa binti yake wa kwanza jina la mama yake. Baba Mkubwa alimpa Veronicah. Baba yangu naye alikuwa na haki hiyo, lakini mimi nikaitwa Kasiva, jina la mtu nisiyemjua. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama sababu. Akasema, "Nyanya yako alikataa." Hakuongeza neno, na sikuthubutu kuuliza tena.

Jumatano, 12 Machi

Herufi M, droo ya kwanza. Hakuna.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua imeanza. Stoo inanuka kama soksi. Droo ya tatu ya M, kina Mwau wengi, hakuna wa kwetu.

Jumapili, 23 Machi

Leo nilijaribu. Nilimletea Susu mkate laini na nikaketi karibu naye nikiwa na swali langu tayari: Babu alikuwa mtu wa namna gani?

Aliushika mkate kwa mikono miwili, akaushukuru ukuta, akasema mambo ya zamani yamechoka. Nikatoka nje kumwaga maji. Niliporudi Veronicah alikuwa chini kwenye mkeka, na Susu alikuwa akimsimulia! Nilisimama nyuma ya pazia kama mwizi. Nilisikia, "Alikuwa akitembea mbele, mimi nyuma na vyondo. Hakuna mtu wa soko aliyethubutu kunitania." Kisha Susu akafungua kile kisanduku chake cha bati, akatoa kikopo cha ugoro cha pembe ya ng'ombe, cheusi, kimelainika kwa kushikwa, akakiweka kwenye kiganja cha Veronicah.

Kufikia jioni kilikuwa kwenye kundi la familia la WhatsApp. "Ya Babu Mwau. Susu amenipea mimi. Wivu acheni 😂"

Nikaandika, "Kizuri sana." Nikafuta. Nikaandika tena, "Kizuri sana," nikatuma.

Jumanne, 1 Aprili

M imekwisha. Nimeirudia yote. Hakuna.

Veronicah amepiga simu. "Niaje, mtu wa makaratasi? Ile picha iko wapi? Ama nikuje niwasaidie kutafuta? Mimi macho yangu iko sawa."

Nikamwambia bado natafuta. Akacheka, bila ubaya hata. Hicho ndicho kinachoniumiza zaidi. Hajui kwamba tunashindana.

Jumatatu, 7 Aprili

Maji yameingia stoo. Mfereji wa nyuma uliziba usiku na asubuhi tulikuta droo za chini zimelowa, kuanzia H hadi K. Mzee Tarsem alivua viatu, akakunja suruali, akaingia na kilemba chake cheupe kama mtu anayekwenda kuoga mtoni. "Kasiva, usilie," aliniambia. "Filamu iliogeshwa siku ya kuzaliwa. Maji haiogopi. Inaogopa kukauka ikiwa imeshikana." Tulizitoa, tukazisuuza kwenye mabeseni, tukazianika kwa vibanio vya nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Bahasha tulizipanga sakafuni, kila moja chini ya filamu yake, ili majina yasipotee.

Vidole vimevimba kwa maji. Nimeandika kwa shida.

Jumanne, 8 Aprili

Nataka kuandika polepole.

Asubuhi nilikuwa napita chini ya zile kamba nikilinganisha filamu na bahasha. Nikaona jina langu. Wino wa bluu, mwandiko wa baba yake Mzee Tarsem, wa kulala upande: Kasiva wa Mwau, Novemba 1961.

Nilifikiri ni uchovu. Nikamwita Mzee. Akavaa miwani. "Kwani ulikuwa unatafuta wapi?"

"Kwa M. Babu yangu ni Mwau."

"Aa-aa. Baba hakupanga kwa jina ya mume. Alipanga kwa jina ya mtu aliyelipa."

Nikaiskani papo hapo. Picha ilipotokea kwenye kompyuta nilisubiri kumwona mwanamume.

Hakuna mwanamume. Kuna wanawake wawili. Mmoja ni Susu, ningemtambua popote, shingo ile ndefu. Ni msichana, amesimama, mtoto mkononi, na mkono wake wa pili uko begani mwa mwanamke mwingine. Huyo mwingine ni wa makamo. Ndiye aliyeketi kitini, katikati ya picha, magoti yameachana kidogo, viganja juu ya magoti, kama waume wote walivyoketi katika picha zote nilizoziskani tangu Machi. Shingoni amening'iniza kikopo cha ugoro cha pembe.

Nilikaa kuitazama mpaka Mzee akaniletea chai mwenyewe.

Sasa najua kikopo cha Veronicah si cha Babu Mwau. Nilifurahi kabla ya kuelewa chochote kingine. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Jumapili, 13 Aprili

Nilimwonyesha Baba Mkubwa picha tukiwa wawili, nyuma ya nyumba, chini ya paa la bati, mvua ikipiga kelele juu yetu. Alipoiona hakuuliza ni nani. Aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Umemwonyesha nani?"

"Mzee Tarsem tu."

"Veronicah?"

"Hapana."

Akaniambia huku akitazama viatu vyake. Mwau alikufa zamani, kabla Susu hajafika pale, na hakuacha mtoto. Mjane wake, Kasiva, hakurudi kwao na hakuolewa na ndugu wa marehemu. Alisuka vyondo, akaviuza Nairobi, akanunua mbuzi na ng'ombe, akaenda kwa kina Susu akamposa. Alimwoa yeye mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, ili boma la Mwau lisizimike. Iweto, ndivyo Wakamba wanavyomwita mke wa namna hiyo. Watoto wa Susu, Baba Mkubwa na baba yangu, wakawa watoto wa nyumba ya Kasiva na wakaitwa wa Mwau.

"Na baba aliyewazaa?"

"Hilo haliulizwi. Halikuulizwa wakati ule na hutaliuliza leo." Alikuwa na aibu usoni ambayo sijawahi kuiona. "Nimekuwa nikisimama madhabahuni na kusema marehemu baba yangu Mwau. Sasa nimweke mchungaji mbele ya hii? Wataanza kuuliza vitu vichafu ambavyo havikuwepo. Mkate huyo aliyeketi. Mama na mimi tunatosha."

"Lakini Baba Mkubwa, ndiye…"

"Kasiva. Mkate. Na ukimwambia mtu, usije hapa tena."

Nikasema ndiyo. Siku zote mimi husema ndiyo.

Jumatatu, 14 Aprili

Kwa hiyo nimepewa jina la mwanamke ambaye familia inataka kumkata kwa makasi. Veronicah amepewa jina la mwenye sherehe.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Sikwenda Mutuini. Nilisema nina homa.

Jumatano, 23 Aprili

Veronicah ameweka sauti kwenye kundi: Susu anaimba, Veronicah anaitikia, wote wanacheka katikati. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyofaa.

Kisha niliichukua ile picha nzima, nikaiweka tayari kutuma, na chini yake nikaandika, "Wajina, mwenye kikopo ndiye huyu. Si babu." Kidole kilikuwa juu ya alama ya kutuma. Nilimwona Veronicah akiaibika mbele ya wote, na Susu akimwondolea mkono kichwani. Niliiona vizuri mno.

Sikutuma. Si kwa wema. Nilimwogopa Baba Mkubwa.

Ijumaa, 25 Aprili

Nilimwomba Mzee Tarsem anisaidie kukata picha. Aliitazama kwa muda.

"Mimi nimekata watu wengi hapa," alisema. "Mabwana waliotoroka, wake wa kwanza, mkwe aliyegombana na watu wa nyumba. Wateja wanataka, unafanya nini? Lakini nilikata karatasi. Filamu sikukata hata siku moja. Hasira ya watu inakwisha, halafu wanarudi."

Manjit, mkewe, alikuwa akifunga masanduku. Alisema bila kugeuka, "Na huyo msichana mkono wake utaweka wapi?"

Kweli. Mkono wa Susu ulio begani mwa Kasiva lazima ukatwe kwenye kifundo.

Jumanne, 6 Mei

Nimekata. Imetoka safi sana. Kila mtu mjini angesema ni kazi nzuri.

Nimechapisha na ile nzima pia, nikaitia kwenye bahasha ngumu. Sijui kwa nini. Nimeificha chini ya godoro, kisha nikaitoa nikaiweka kwenye mkoba, kwa sababu Kabiria paa linavuja.

Jumapili, 18 Mei

Fulana zimefika. Veronicah amepewa nyekundu, peke yake, ya kusimama kando ya Susu. Zetu ni nyeupe.

Jumamosi, 31 Mei, usiku

Mvua ilikatika asubuhi na matope yakabaki. Walitandaza vumbi la mbao kuanzia langoni hadi kwenye hema. Susu aliketi mbele kwenye kiti chenye mito, Veronicah kwenye fulana nyekundu akimpepea kwa sahani ya plastiki ingawa hakukuwa na joto. Mimi nilikaa nyuma karibu na masufuria.

Baada ya maombi Baba Mkubwa aliifunua picha. Ilikuwa imewekwa kwenye fremu ya dhahabu. Watu wakapiga vigelegele. "Huyu ni mama yetu," alisema, "na mtoto ni mimi, mtumishi wenu."

Susu aliomba isogezwe. Aliishika fremu, akaivuta mpaka karibu igusane na pua. Vigelegele vikaisha vyenyewe.

"Mkono wangu umeshika nini?" aliuliza kwa Kikamba.

Baba Mkubwa akacheka kidogo. "Mama, ni picha ya zamani."

"Najua ni ya zamani, nilikuwepo. Mkono wangu ulikuwa begani kwa mtu. Aliyeketi yuko wapi?"

"Upande huo uliharibika na maji, Mama. Kule studio." Akanitafuta kwa macho hadi akanipata. "Kasiva alijitahidi, lakini maji yaliingia."

Watu wote wakageuka. Veronicah akasema, kwa sauti ya chini lakini yenye kusikika, "Nilijua tu. Hiyo kazi wangenipea mimi."

Ningeweza kunyamaza. Ingepita. Wangesema karani mzembe, wangenionea huruma, na Jumapili ijayo ningeleta mkate. Lakini Susu hakumtazama Baba Mkubwa tena. Alikuwa akinitazama mimi. Sikumbuki kama amewahi kunitazama hivyo, na alikuwa akinitazama kama mtu niliyemnyang'anya kitu. Nikasikia miguu yangu ikisimama.

"Haikuharibika," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto. "Filamu ni nzima. Picha ni mimi niliyeikata."

Sikusema niliagizwa na nani. Haikuhitajika, Baba Mkubwa alikuwa tayari anatazama viatu vyake. Nilipita katikati ya viti, nikafungua mkoba, nikampa Susu picha nzima kwa mikono miwili.

Hakulia. Alipitisha kidole gumba juu ya uso wa yule aliyeketi, tena na tena, kama anayefuta vumbi. Kisha akasema kwa watu wote, "Huyu ndiye aliyenioa. Alinitoa kwetu kwa ng'ombe na mbuzi wake mwenyewe, na hakunipiga hata siku moja, na watoto wangu ni wake. Mimi ni iweto. Nimeketi kwenye kiti hiki kwa sababu yake. Kaloki, ulimwonea aibu nani? Ndiye aliyekubeba hadi mjini mgongoni kwake. Mimi nilikuwa nimechoka."

Mchungaji alikohoa, akaomba wimbo. Hakuna aliyeimba.

"Mtoto wa Nzomo," Susu aliniambia. Alikuwa amegeuza uso pembeni tena, kuelekea nguzo ya hema. "Baba yako alitaka kukupa jina langu. Nilikataa. Nilitaka mwenyewe arudi ndani yako. Sasa mimi ni mke. Nitamwitaje mume wangu kwa jina? Nitatafunaje mbele yake? Ulifikiri nina kiburi?"

Nilisema, "Nilifikiri hunipendi, Susu."

Hapo watu wakacheka, wanawake wazee hasa, kicheko cha kuelewa. Susu hakucheka. Aliinuka kwa kumshika Veronicah, taratibu, akaniashiria kiti. Nilikataa. Akaashiria tena. Nikaketi kwenye mito yake iliyokuwa na joto, na yeye akaletewa kiti cha plastiki kando yangu.

Veronicah ndiye aliyetumwa kuniletea chai, mimi kwanza, kabla ya mchungaji. Aliinama na trei. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa hivyo wewe ndiye mdosi, mkubwa wetu," alinong'ona. "Na mimi nimekuwa nikimkanda miguu miaka yote hii. Mimi ni nani sasa?"

"Wewe ni wajina wake."

"Wajina! Mambo ya kuchekesha tu." Akaniwekea kikombe kwa mikono miwili, akaenda.

Nilijua kila kitu alichokuwa akihisi. Nimekihisi tangu nijue kutembea. Ningeweza kumfuata nimwambie. Niliketi, nikanywa, na chai ilikuwa tamu.

Jumapili, 1 Juni

Nimelala Mutuini. Baba Mkubwa amekwenda kanisani bila kusema nami, lakini hakunifukuza, na picha nzima ameiacha ukutani pale Susu alipoagiza iwekwe.

Asubuhi nilidhani mambo yamebadilika. Nilijikalia kwenye mkeka karibu na Susu, pale pale pa Veronicah, nikasubiri. Nilitaka aniwekee mkono kichwani. Alishtuka kana kwamba nimemvua leso. Akainuka kwa shida yake yote, akanivutia kiti, akakipangusa. "Huwezi kukaa chini," alisema. "Si wewe." Akajiondokea kwenda jikoni na kikombe chake.

Veronicah alikuwa huko, bado amenuna. Nilisikia Susu akimwambia kitu kwa sauti ya chini. Veronicah akajibu kwa ukali. Susu akasema tena, kisha Veronicah akashindwa kujizuia, na hao wawili wakaanza kucheka, kile kicheko cha kushika mbavu, sufuria zikigongana.

Mimi niko hapa sebuleni, kwenye kiti. Wamefunga mlango wa jikoni ili wasinisumbue.